Kadi ya benki ukiwa ughaibuni: anza na laini ya simu uliyoiacha nyumbani

Kila ifikapo Septemba na Oktoba, wanafunzi kutoka Mbeya, Njombe, Iringa na Songwe wanapoondoka kwenda vyuo vya India, China na Uturuki, na wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, wanapokwenda Guangzhou kufuata mzigo wa mwisho wa mwaka, dawati la kadi la benki yetu hupokea malalamiko yanayofanana. Fedha zimetoka, mwenye kadi yuko mbali, na aliyefika tawini kulalamika ni kaka, mke au mzazi. Tunampokea kwa heshima, lakini hatuwezi kumfungulia taarifa ya akaunti isiyo yake, hata akija na cheti cha kuzaliwa. Makala haya yanaeleza nini kifanyike kabla ya kufika huko.

Wengi wanaamini mwizi wa kadi ni mtaalamu wa kompyuta aliyeingia kwenye mifumo ya benki. Kwa manunuzi ya mtandaoni anachohitaji ni namba 16 za mbele, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba 3 za nyuma, na namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi, yaani OTP. Vitatu vya kwanza huvuja kirahisi: mpokeaji wageni wa hoteli amepiga picha kadi pande zote mbili, tovuti ya tiketi ilikuwa bandia, au fomu ya kulipia chumba ilitumwa WhatsApp na ikajazwa. Cha nne ndicho kinachobaki mikononi mwako, na kinaingia kwenye namba ya +255 uliyoiandikisha benki.

Sasa namba hiyo iko wapi? Mara nyingi iko kwenye simu ya mama, Tukuyu au Makambako, kwa sababu mwenye nayo alinunua laini ya huko alikokwenda na hii akaiacha "isipotee". Tapeli mwenye namba za kadi anaanza kununua mtandaoni, na wakati huohuo anapiga simu nyumbani: "Shikamoo mama. Napiga kutoka makao makuu ya benki. Kadi ya mwanao imekwama huko China, tunataka kumfungulia. Kuna ujumbe umeingia hapo sasa hivi, naomba unisomee zile namba sita." Mama anasoma, tena kwa haraka, kwa sababu anamsaidia mwanawe. Ujumbe huo umetaja kiasi na jina la duka, lakini mara nyingi kwa Kiingereza. Muamala unapita, na kwenye mifumo unaonekana umeidhinishwa na mwenye kadi. Mama hana kosa. Aliyemwachia laini ndiye aliyemweka mlangoni bila kumwambia analinda nini.

Kwa hiyo ukisafiri, safiri na laini. Simu nyingi zina nafasi mbili: ya kwanza weka laini ya huko, ya pili laini ya nyumbani. Kabla ya kuondoka uombe mtandao wako wa simu ukuwezeshe kupokea huduma nje ya nchi, na uulize gharama zake. Ukishafika, zima intaneti kwenye laini ya nyumbani, uiache ipokee ujumbe tu. Iongezee salio na uitumie mara kwa mara. Laini iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa na namba yake hugawiwa mtu mwingine. Hapo mtu usiyemjua, pengine yuko Chunya, anaanza kupokea OTP zako bila hata kuzitafuta. Kama huwezi kuitunza laini hiyo, fika tawini kabla ya safari ubadilishe namba iliyoandikishwa. Ukiwa nje, kubadilisha namba ni kazi kubwa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Jambo jingine la kufanya kabla ya safari ni kubonyeza *106# na kuona laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika iondolewe. Usajili wa aina hiyo hutokea pale wakala anaposema kidole hakijasoma, weka tena, na mara ya pili anasajili laini nyingine kwa jina lako. Na ukiwa huko, laini ya nyumbani ikikosa mtandao ghafla siku nzima wakati ya huko inafanya kazi vizuri, usingoje. Yawezekana imehamishiwa kadi nyingine ya simu. Funga kadi ya benki kwanza, ndipo uulize mtandao wa simu.

Linalotusumbua zaidi ni watu kuacha kadi nyumbani na namba ya siri juu yake ili mdogo mtu aendelee kutoa fedha za ujenzi. Masharti uliyosaini yanakataza, na hakuna sababu ya kifamilia inayoyabadilisha. Fedha zikitolewa kwa kadi halisi na namba ya siri sahihi, madai yako yatakataliwa. Wengine hufanya kinyume chake: kadi mpya inatumwa kwa bahasha na basi la Tunduma, au kwa msafiri anayekwenda Lusaka, na namba ya siri inafuata WhatsApp. Ndugu anayehitaji fedha mtumie kwa programu ya benki kutoka simuni mwako. Aliyepoteza kadi nje aiulize benki yake utaratibu wa kupata mpya. Mara nyingi huhitajika hati ya uwakili, yaani ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha, iliyothibitishwa na ubalozi wetu, na hata hapo namba ya siri hapewi mwakilishi.

Usibebe akiba yote kwenye kadi. Fungua akaunti mbili: moja yenye fedha na isiyo na kadi, nyingine yenye kadi na matumizi ya wiki moja. Hamisha kidogo kidogo. Omba pia kiwango cha matumizi kwa siku kishushwe, na ujumbe uje kwa kila muamala bila kujali ukubwa. Muamala wa dola 1 kutoka duka usilolijua usiupuuze. Mwizi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo kabla ya kuchota.

Kwenye ATM, chagua iliyo ndani ya benki, saa za kazi. Shika mdomo unaomeza kadi uutikise. Kifaa kilichobandikwa juu hucheza. Kitufe kilicho kinene au kinachobonyea kwa ugumu kina kitu juu yake. Funika kwa kiganja cha mkono wa pili unapoandika namba ya siri, maana kamera huwekwa juu au pembeni na bila namba hiyo kunakili utepe mweusi wa kadi hakutoshi kutoa fedha. Kadi ikinasa na mtu akatokea kukuambia uingize tena namba ya siri ili itoke, huyo ndiye aliyeinasa. Usiondoke, ifunge kadi kwa simu ukiwa umesimama hapohapo. Afrika Kusini kuna mbinu iliyozoeleka ya "msaidizi" anayekushikia kadi na kukurudishia nyingine inayofanana, kwa hiyo soma jina lako kila unapoipokea.

Hofu ya kuibiwa na mtu anayepita karibu nawe akiwa na mashine ya malipo mfukoni imekuzwa kupita kiasi. Hatari ya kweli ya kadi za kugusisha, zinazolipa kwa kuguswa tu kwenye mashine, ni kuibiwa kadi yenyewe, kwa kuwa malipo madogo hayaombi namba ya siri. Na "madogo" hutofautiana: Uingereza ilipandisha kiwango hicho hadi pauni 100 kwa mguso mmoja Oktoba 2021.

Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa sarafu ya huko, chagua sarafu ya huko, maana ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilisha hupangwa na upande wa mwenye mashine na mara nyingi ni kibaya. Huo si wizi, na fedha hiyo hairudi. Wala si wizi hoteli inapozuia kiasi fulani cha dhamana, huachiliwa baadaye. Wanaokwenda Urusi wajue kuwa kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya nchi hiyo hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Panga njia halali ya kupokea fedha kabla ya kupanda ndege, usije ukaangukia mikononi mwa wabadilishaji wa Telegram.

Ukiona muamala usiouelewa, funga kadi kwenye programu ya benki mara moja. Guangzhou iko saa 5 mbele yetu: saa 2 asubuhi huko, hapa ni saa 9 usiku na tawi limefungwa, ila kitufe cha kufunga kadi kinafanya kazi. Kisha piga simu huduma kwa wateja. Namba za bure zinazoanza na 0800 kwa kawaida hazipatikani kutoka nje, kwa hiyo hifadhi mapema namba kamili yenye +255. Omba namba ya kumbukumbu ya taarifa yako na uiandike. Toa taarifa polisi wa huko upewe nakala.

Baada ya hapo jaza fomu ya kupinga muamala, mstari mmoja kwa kila muamala: tarehe, kiasi, sarafu, jina la duka kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti. Andika namba 4 za mwisho za kadi tu. Tunaendelea kupokea picha za kadi nzima kwa barua pepe licha ya kukataza. Ambatisha nakala ya pasipoti yenye mihuri, kwa sababu muamala wa kadi halisi uliofanyika nchi ambayo hukuwepo ni ushahidi mzito. Dai hupelekwa kupitia Visa au Mastercard kwenye benki ya muuzaji, naye ana haki ya kujibu. Kwa madai mengi mitandao hiyo inatoa siku 120, lakini usizihesabu kama zako. Masharti ya benki yako yanaweza kudai taarifa mapema zaidi, na fedha zinazotoka baada ya wewe kujua na kunyamaza ni vigumu kuzidai.

Udanganyifu kwa njia ya kompyuta ni kosa chini ya kifungu cha 12 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Anayekana manunuzi aliyoyafanya mwenyewe ili arudishiwe naye anatenda udanganyifu, na majalada ya namna hiyo hupelekwa polisi.

Familia iliyopigiwa simu ya kitapeli iripoti namba hiyo kwenda 15040. Na mteja asiyeridhika na majibu ya benki yake ana haki, baada ya kulalamika kwanza benki kwa maandishi, kupeleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi hapa Mbeya. Aende na namba ya kumbukumbu, nakala ya fomu, majibu ya benki, na simu yenye ujumbe wote wa miamala. Usifute hata mmoja.