Grappa na hofu ya upofu

Kwa miaka mingi watu wameambiana kwamba grappa, pombe kali ya Italia, hupofusha kwa sababu hutengenezwa kwa mabaki ya mvinyo. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi.

Makapi ya zabibu, yaani maganda na mbegu zinazobaki baada ya kukamua, yana pektini, dutu ya asili inayopatikana katika matunda. Yakichachuka, pektini hiyo hutoa methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, ambayo ikizidi mwilini huharibu neva ya jicho. Kwa hiyo ni kweli, grappa huwa na methanoli nyingi kuliko brandi ya mvinyo. Ila kuwa nyingi kuliko nyingine hakuifanyi kuwa sumu: sheria ya Umoja wa Ulaya inaweka kikomo cha gramu 1,000 kwa kila lita 100 za alkoholi halisi, na viwanda vingine vina mnara maalumu wa kuipunguza.

Grappa hupatikana kwa kuchemsha makapi yaliyochachuka na kupoza mvuke wake, na wapo wanaoamini kwamba ukimwaga matone ya kwanza yanayotoka mtamboni umemaliza kazi ya kuondoa methanoli. Hapana. Methanoli hutoka na mvuke tangu mwanzo hadi mwisho; matone yale hutengwa hasa kwa sababu yananuka kama gundi.

Na lile janga la Italia la mwaka 1986, lililoua watu zaidi ya 20? Halikuwa la grappa. Ulikuwa mvinyo wa bei rahisi, uliotiwa methanoli kwa makusudi ili kuuongezea ukali. Makapi hayakuhusika kabisa.