Gari dogo la dizeli au la petroli? Anza na safari zako, bei ya lita baadaye

Dawati letu la malalamiko ya mafuta, Kanda ya Kaskazini, limekuwa likipokea barua zinazofanana mno. Mwenye gari dogo la dizeli, aliloagiza Japani, anaandika kwamba kituo fulani cha Arusha au Moshi kimemuuzia mafuta machafu. Taa ya injini imewaka, gari limeishiwa nguvu, na fundi ameshatoa hukumu: ni mafuta. Kila lalamiko tunalichukua kwa uzito wake. Hata hivyo, mengi yakifuatiliwa hayaishii kwenye pampu ya kituo, yanaishia kwenye uamuzi uliofanywa siku mwananchi alipochagua gari.

Ieleweke mapema kwamba makala haya hayapendekezi kampuni, modeli wala kituo chochote.

Dizeli ndogo za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, lile mafundi wanaloliita DPF. Chujio hilo hujisafisha lenyewe kwa kuyachoma masizi, na masizi hayaungui mpaka joto lifike nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Joto hilo hulipati mjini Arusha kutoka Njiro hadi Mnara wa Saa saa moja na nusu asubuhi, ukisogea kidogo kidogo kwenye foleni, ukishusha watoto shuleni na kuzima gari. Injini inahitaji mwendo wa barabara kuu usiokatika, dakika 15 hadi 20, na mara kwa mara.

Kompyuta ya gari ikiona chujio limejaa, huongeza dizeli kwenye silinda ili joto lipande. Ukizima gari kabla kazi haijakamilika, sehemu ya dizeli hiyo huteremka kwenye oili. Hili unaweza kulithibitisha mwenyewe. Egesha mahali tambarare, acha injini ipoe, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Oili ikiwa imepita alama ya juu, ikawa nyepesi inayochuruzika upesi na inanuka dizeli, tatizo unalo. Wapo waliotuambia kwa furaha kwamba gari lao halili oili, tena linaongeza. Ndugu mwananchi, hakuna injini inayotengeneza oili. Hiyo ni dizeli, na inamaliza beringi na turbo yako (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) polepole wakati wewe unaandika barua ya kulalamikia kituo.

Wengine hukimbilia kulitoboa chujio kwa ndani na kumwita mtu wa kompyuta alizime kwenye programu. Gari litaamka, hatukatai. Litatoa pia moshi mweusi kila likipanda mlima, na gari linalotoa moshi kupita kiasi ni kosa barabarani. Adhabu ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kila kosa, maana yake ni kwamba ukikutwa na makosa mawili utalipa 60,000. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu iliyo kwenye notisi, kupitia benki au simu. Usimkabidhi askari fedha mkononi, na usikubali kuambiwa kwamba notisi imeisha. Hakikisha deni limeondoka kwenye mfumo, kwa sababu lisipoondoka utalikuta siku utakaposimamishwa tena.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Chukua mfano, na ni mfano tu: gari la petroli linalokwenda kilomita 14 kwa lita na la dizeli linalokwenda 19. Anayezunguka mjini kilomita 800 kwa mwezi atatumia lita 57 za petroli au 42 za dizeli, kwa hiyo ameokoa lita 15. Tukiziweka bei zote mbili shilingi 3,000, hiyo ni 45,000 kwa mwezi. Injekta moja ya dizeli ya kisasa, yaani kile kifaa kinachopulizia mafuta kwenye silinda, ikiharibika, akiba ya muda mrefu imekwenda. Lakini anayeishi Moshi na kufanya kazi Arusha, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, siku 20 kwa mwezi, ataokoa lita 60, yaani 180,000. Huyo huyo chujio lake linajisafisha njiani bila yeye kujua, ilimradi barabara ya Boma Ng'ombe na Usa River haijamkwamisha kila siku. Dizeli ni yake. Ya wa Njiro ni petroli, na sioni sababu ya kulizunguka hilo.

Dhana kwamba dizeli siku zote ni rahisi kuliko petroli iachwe. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa mikoa yetu hesabu hufuata mafuta yanayoshushwa bandari ya Tanga. Kuna miezi dizeli imekuwa juu, kuna miezi petroli imekuwa juu. Ukitaka bei ya wilaya yako piga *152*00# ufuate maelekezo, ni bure na haihitaji intaneti. Kuuza chini ya kikomo kunaruhusiwa, kuuza juu yake ni kosa, na kituo lazima kiwe na bango la bei linalosomeka.

Dhana nyingine inatoka kwenye karakana za magari ya watalii, ambazo mji wa Arusha umejaliwa nazo. Watu wanaona Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya sentimita za ujazo 4,164 isiyo na turbo, ikirudi Serengeti mwaka baada ya mwaka, wanahitimisha kwamba dizeli haifi. Injini ile haina chujio la masizi, na pampu yake ni ya kizamani. Dizeli ndogo ya leo inasukuma mafuta kwa mgandamizo unaoweza kufika baa 1,800 kupitia matundu membamba sana ya injekta. Maji kidogo kwenye tenki, yasiyoisumbua ile kubwa kwa wiki, hii yanaiua nozeli, yaani ncha ya injekta. Fundi hodari wa ile si lazima awe fundi wa hii, na ni vizuri ukamuuliza ana mashine ya kupimia kabla hujamwachia ufunguo.

Petroli nayo ina udhaifu wake huku kwetu, ingawa si ule unaotajwa vijiweni. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Toyota IST ya sentimita za ujazo 1,300 iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 87 inabaki na kama 75 ikiwa Sakina. Ukipakia watu watano na gunia la ndizi kupanda Marangu au Kibosho, lazima ushushe gia na uvumilie. Turbo ya dizeli hulifidia hilo kwa sehemu kubwa. Mkazi wa milimani anayepanda na kushuka na mzigo ana hoja ya kweli ya kutaka dizeli, mradi awe pia na safari ndefu za kulisafisha chujio.

Wengine wanauliza kama wabadilishe injini tu. Kadi ya gari ina namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta. Ukifunga injini nyingine, gari likakaguliwe na mkaguzi wa magari wa Polisi, kisha taarifa zirekebishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) na kadi mpya itolewe, kisha kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi. Hatua zisirukwe. Gari ambalo kadi yake inasema petroli na linatumia dizeli litakupa shida kwenye ukaguzi, kwenye fidia ya bima na siku ya kuliuza.

Jambo la mwisho ndilo tunalolishughulikia zaidi: mafuta kuwekwa tofauti. Dereva anafika na kigari kidogo, anasema "weka ya elfu thelathini," anaendelea na simu. Mhudumu amezoea kwamba vigari vya namna hiyo ni petroli, anachukua bomba la petroli. Taja mafuta kwa jina kila mara, na bandika neno DIZELI ndani ya kifuniko cha tenki. Likitokea, usiwashe gari, hata kulisogeza pembeni. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu, petroli inaikausha, na vipande vya chuma vikishaingia kwenye mfumo utabadilisha kuanzia pampu hadi injekta. Lisukumwe. Mwite msimamizi wa kituo, muandikishane tukio kwa saa na namba ya pampu, na tenki limwagwe mbele yenu wote.

Stakabadhi ya kielektroniki ya pampu inaonyesha aina ya mafuta, lita, tarehe na saa. Bila hiyo lalamiko linakuwa neno lako na neno la mhudumu. Anza kulipeleka kituoni kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Msipoelewana ndipo uje kwetu na nakala hiyo, stakabadhi, kadi ya gari na taarifa ya fundi inayoeleza alichokikuta, siyo anachokihisi. Usituletee mafuta kwenye chupa ya maji. Sampuli uliyoichota mwenyewe haiwezi kusimama dhidi ya kituo; wakaguzi huchota wenyewe kwenye pampu husika, mbele ya mwenye kituo, na kuifunga kwa lakiri. Ndiyo maana tunaomba uje siku hiyo hiyo au kesho yake, kabla kituo hakijapokea mzigo mwingine juu ya ule uliokuuzia.