Kitako cha kisado: juu ya kukua kiroho siku za kazi

Kila ninapomaliza kufundisha semina ya malezi ya kiroho katika usharika fulani, watu wawili watatu hubaki nyuma wakati viti vinapangwa, na swali lao mara nyingi ni lilelile: "Mwalimu, nifanye nini ili nikue kiroho?" Huwa wameshika daftari na kalamu, kwa kuwa wanatarajia niwapangie ratiba: wafunge siku ngapi, wakeshe mara ngapi kwa mwezi, wasome sura ngapi kila alfajiri. Mimi huwajibu kwa swali ambalo wengine huliona la utovu wa adabu: nani anakudai? Simaanishi fedha peke yake. Nauliza ni nani ambaye ukimwona kwa mbali kesho, utatamani kuvuka upande wa pili wa barabara.

Sipuuzi kufunga wala kukesha. Mimi mwenyewe nimelelewa katika hayo. Lakini baada ya miaka mingi ya kulea waumini katika sharika za Kilutheri za Kagera nimeshawishika na jambo moja. Mkristo hukua hasa pale anapolitaja kosa lake kwa jina lake, mapema, mbele ya mtu aliyemkosea, na kulitengeneza kadiri awezavyo. Neno la Mungu, maombi na Meza ya Bwana ndivyo vinavyompa nuru na nguvu ya kufanya hivyo, na visipomfikisha hapo anaweza kuwa hodari wa ibada ambaye nyumbani kwake hakuna anayetamani arudi mapema.

Katika Injili ya Marko, sura ya 4, Bwana Yesu anaufananisha ufalme wa Mungu na mtu aliyemwaga mbegu juu ya nchi, akawa analala na kuamka, nayo mbegu ikamea na kukua "asivyojua yeye". Kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke. Nikisoma mfano huu kwa watu wanaopanda maharage katikati ya migomba, hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba anayefukua mbegu kila asubuhi kuona kama imeota ataiua. Kukua ni kazi ya Mungu. Hata hivyo mkulima yuleyule anayelala usiku huamka na jembe, kwa sababu magugu hayang'oki kwa kutazamwa, na sehemu yetu katika jambo hili ipo hapo kwenye palizi.

Kanisa letu hutenganisha kuhesabiwa haki na utakaso. La kwanza Mungu hulitenda mara moja kwa neema, bila mchango wetu. La pili ni safari ya maisha yote, na ndiyo watu huiita kukua kiroho. Husahaulika kwamba matengenezo ya Kanisa yenyewe yalianza na hoja juu ya safari hiyo. Katika hoja 95 alizozitoa Martin Luther tarehe 31 Oktoba 1517, ya kwanza kabisa inasema kwamba Bwana wetu aliposema "Tubuni", alitaka maisha yote ya waumini yawe ya toba. Miaka 12 baadaye, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alieleza maana ya ubatizo wa maji kwa namna ambayo kila aliyepita darasa la kipaimara aliikariri, pengine kwa kuogopa fimbo ya mwinjilisti: Adamu wa kale aliye ndani yetu azamishwe kwa majuto na toba ya kila siku, na mtu mpya atokee kila siku. Tuliyakariri maneno "kila siku" bila kuyasikia, tukadhani toba ni mlango wa kuingilia tu, ambao mtu akishaupita haurudii mpaka aanguke dhambi kubwa ya kusimamishwa Sakramenti.

Waliotufundisha kuyasikia maneno hayo, huku kwetu Maziwa Makuu, ni watu wa Uamsho, lile vuguvugu la toba lililoenea katika makanisa ya Afrika Mashariki. Mwezi Septemba 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu Gahini nchini Rwanda, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja siku mbili wakiyachunguza Maandiko juu ya Roho Mtakatifu. Church alikuwa amechoka, kazi imemwelemea. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, akafariki Januari 1936 akiwa bado kijana, wakati moto uliokuwa umewaka pale ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka. Kabla ya miaka ya 1940 kwisha, Uamsho ulikuwa Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ukibebwa zaidi na watu wasio na cheo chochote kanisani, waliokwenda kwa miguu na kwa baiskeli. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 jijini Dar es Salaam kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, alikuwa mtoto wa Uamsho huohuo.

Wazee waliotokana na Uamsho, ambao niliwakuta nikiwa mdogo, walikuwa na usemi mmoja wasiouchoka: kutembea nuruni. Waliutoa katika Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 1, mstari wa 7, na waliuchukua kwa maana iliyo wazi kabisa. Katika ushirika wa kila wiki mtu hakusimama kusema, "Wapendwa, mniombee, mimi ni mdhaifu." Angeulizwa kwa upole: udhaifu wa nini, ndugu? Basi angesema kwamba Jumanne alimjibu mkewe kwa ukali mbele ya wageni kwa sababu chakula kilichelewa, au kwamba ameazima jembe la jirani tangu masika na amelinyamazia. Watu walirudisha ng'ombe, mabati, hata vitabu vya shule vilivyoibwa utotoni. Dhambi isiyo na siku, mahali wala jina haikuhesabiwa kuwa imetubiwa, na hilo ndilo ninalolishika kutoka kwao kuliko nyimbo zao, ingawa nyimbo zao nazo nazipenda.

Walikuwa na kasoro pia, na nimeziona. Kukiri hadharani kuligeuka wakati mwingine kuwa mashindano, ambapo mwenye dhambi nzito alipata msikilizaji makini kuliko mwenye dhambi nyepesi. Mambo ya ndani ya ndoa yalisemwa mbele ya watoto. Wapo waliowahukumu wenzao kwa mtindo wa nywele. Kwa hiyo ninapofundisha huweka mpaka: ungamo lienee kadiri kosa lilivyoenea, lisizidi. Uliyemkosea faraghani, mwendee faraghani. Uliyemtukana mbele ya mkutano wa kijiji, umwombe radhi mbele ya mkutano. Lililo kati yako na Mungu, au linaloweza kumwumiza mwingine likitamkwa, lipeleke kwa mchungaji ambaye kiapo chake kinamfunga asilitoe. Na aliyepigwa au kunajisiwa asisukumwe kamwe kumkumbatia aliyemtenda hivyo kwa jina la ushirika. Mambo hayo yana sheria na yana vyombo vyake, na toba ya kweli ya mkosaji haivikimbii.

Sasa, lugha yenyewe tunayotumia hutusaidia kukwepa. Tuna "samahani", ambayo mtu huisema akitaka kupita kwenye daladala. Tuna "pole", ambayo humfaa aliyejikwaa na aliyefiwa, lakini wapo wanaomwambia "pole" mtu waliyemuumiza wao wenyewe, kana kwamba walikuwa wapita njia tu. Kisha tuna ile inayopendwa kuliko zote, "Kama kuna mahali nimekukosea, naomba unisamehe," ambayo husikika sana mwisho wa mwaka na kabla ya Pasaka, na ambayo humwachia mkosewa kazi ya kutafuta kosa, kulithibitisha na kulisamehe peke yake. Mwana mpotevu wa Luka 15 hakusema hivyo. Alisema, "Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako." Huwaomba wanasemina wajizoeze kwa sauti, wawili wawili, sentensi yenye nimekosa, jambo lenyewe, na hakuna "lakini" baada yake. Chumba huwa kimya kabisa. Wazee, hasa wanaume, huniambia kwamba sentensi hiyo ni ngumu zaidi kwa mtoto wao wa kumzaa au kwa dada wa kazi, maana tumelelewa kwamba mkubwa hakosi, au akikosa hutengeneza kimyakimya kwa kununua soda. Mimi pia nilinunua soda kwa miaka mingi.

Lipo na suala la kurudisha. Torati, katika Walawi 6, inamwagiza aliyechukua cha mwenzake kwa hila akirudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano, na kumpa mwenyewe siku ileile atakayoleta sadaka ya hatia. Zakayo alijiwekea kipimo kikubwa zaidi, mara nne, ambacho ndicho Kutoka 22 inachomtoza mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja; yaani mtoza ushuru yule alijihukumu kwa sheria ya wezi bila kupelekwa mbele ya hakimu yeyote.

Nililifundisha somo la Zakayo mara nyingi kabla halijanifikia. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwajiriwa wa ofisi moja, nilichukua masurufu ya safari ya siku tatu, mkutano ukaisha mapema, nikarudi nyumbani siku ya pili jioni, na wakati wa kurejesha masurufu nikaandika siku tatu kama ilivyokuwa kwenye kibali. Nilijiambia kwamba kila mtu hufanya hivyo, jambo ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa karibu na ukweli. Kila nilipofika kwenye ombi la "utusamehe makosa yetu" ile siku ya tatu ilinijia na tarehe yake. Ilinichukua miezi minane. Nilipokwenda kwa mhasibu na bahasha, alifungua droo, akapekua vitabu vyake vya stakabadhi, kisha akanitazama: "Mwalimu, hela ya kutoka hapa ina fomu nne. Ya kurudi haina hata moja." Mwishowe akaandika "mapato mengineyo". Sikutoka pale na furaha yoyote ya kusimulia. Nilitoka na aibu, na njiani nikagundua kwamba ninasali nikitembea, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu.

Kwa anayetaka pa kuanzia, mimi hupendekeza robo saa ya jioni, kabla hajalala, kwa sababu Waefeso 4:26 inaonya jua lisichwe na uchungu wetu bado haujatutoka. Soma kifungu kifupi, hata mistari mitano. Ipitie siku yako kuanzia ulipoamka, mtu kwa mtu: niliyeishi naye, niliyemuuzia, niliyemkaripia, niliyeahidi kumpigia simu. Mshukuru Mungu kwa kile ulichopewa, maana palizi bila shukrani huzaa watu wakavu. Likitokea jina linalokuchoma, usilizungukie kwa sala ndefu. Panga ni saa ngapi kesho utamwona mtu huyo. Basi, inatosha. Walio na simu mfukoni hujaribiwa kumaliza jambo kwa ujumbe wa usiku, nami huwazuia isipokuwa wako mbali, kwa kuwa uso wa mtu uliyemkosea ni sehemu ya dawa.

Katika ushirika mmoja tunaokutana Jumatano jioni yumo mama anayeuza maharage sokoni. Wauzaji wengi wa pale hupimia kwa kisado ambacho kitako chake kimebonyezwa kuelekea ndani, na juu hujazwa kilele kizuri ambacho mteja hukiona na kuridhika. Tulikuwa tumesoma Mithali 11:1, juu ya mizani ya hadaa. Hakusema neno jioni ile. Kesho yake alikisimamisha kisado chake juu ya jiwe, mdomo ukiwa juu, akaingiza ndani mchi wa kutwangia, akagonga mpaka kitako kikarudi mahali pake, tena mchana kweupe, huku majirani wakimwuliza kama amerogwa. Kikawa kinameza maharage karibu kiganja kizima zaidi. Ilimbidi apandishe bei ili asile mtaji, na wateja ambao hawapimi kitako bali kilele wakahamia meza ya pili.

Baadhi yetu tulisubiri ushuhuda wa baraka, kwamba Bwana amemrudishia maradufu. Haukuja. Wiki ya tatu alituambia mauzo bado ni madogo na kwamba ameanza kupunguza matumizi ya nyumbani. Wiki ya tano aliomba tumwombee jambo jingine kabisa: kila akiwaona wenzake wakipima kwa visado vyao, moyoni mwake amekuwa akiwaita wezi, na asubuhi ile mmoja wao alimsalimia akamwitikia bila kumtazama. "Nilikigonga kitako," alisema, "nikapata kiburi." Mzee mmoja akamwuliza jina la yule aliyemsalimia. Akalitaja, akasema atamwendea kesho kabla soko halijachangamka.