Masaji ya Kiswidi na Mguu Uliovimba: Majibu kwa Maswali Ninayoulizwa

Ninafanya kazi katika chumba cha fiziotherapia, na wengi wanaoingia humo wamekwisha kuchuliwa mahali pengine kabla ya kufika kwangu. Walio wengi hawakudhurika. Wachache, hata hivyo, walichuliwa mguu ambao haukupaswa kuguswa kabisa, na hao ndio walionifanya niandike majibu haya.

Masaji ya Kiswidi ni nini?

Ni uchuaji wa mwili mzima kwa mafuta, unaokusudia kulegeza misuli na kumpumzisha mtu. Mbinu zake kuu ni tano: kupitisha viganja kwa mikupuo mirefu, kukandakanda misuli, kusugua kwa vidole au kidole gumba, kupigapiga kwa kingo za viganja, na kutikisa. Sifa hupewa Per Henrik Ling, aliyeanzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, ingawa anayehesabiwa kuzipanga mbinu hizi na kuzipa majina ya Kifaransa yanayotumika hadi leo ni daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger. Anayefahamu kusinga kwa watu wa pwani hataiona ngeni sana.

Nikifika spa nitarajie nini?

Utaulizwa kwanza kuhusu afya yako, kisha utaachwa peke yako uvue nguo kwa kiasi unachoridhia na ulale kitandani ukiwa umejifunika shuka. Mchuaji hufunua sehemu anayoishughulikia tu na kuifunika tena anapomaliza. Huduma huchukua kwa kawaida dakika 60 au 90. Sehemu za siri hazihusiki hata kidogo, na unayo haki ya kumwambia apunguze nguvu au aache kabisa wakati wowote. Ukimaliza, inuka polepole kwa sababu unaweza kuhisi kizunguzungu; maumivu madogo ya misuli kwa siku moja au mbili si jambo la kuogopesha.

Je, ni kweli kwamba inatoa sumu mwilini?

Hapana. Kazi hiyo ni ya ini na figo.

Kwa nini mchuaji aniulize habari za ugonjwa ilhali nimekuja kupumzika?

Kwa sababu ipo miili isiyofaa kuchuliwa siku hiyo. Mwambie kama una mimba, kama umefanyiwa upasuaji karibuni, kama una homa au kidonda, na kama unatumia dawa za kuzuia damu isigande. Wateja wengi hujibu «sina tatizo» ili wasikataliwe huduma waliyokwisha kuilipia. Tafadhali acheni tabia hii, kwa sababu mchuaji hana kipimo chochote isipokuwa maneno yako.

Mguu wangu mmoja umevimba, na kigimbi kinauma. Je, masaji itanisaidia?

Hapana. Usichuliwe mguu huo, wala spa, wala nyumbani, wala kwa fundi wa mtaani anayesifika. Nenda hospitali leo.

Mguu mmoja unaovimba na kuuma, hasa nyuma ya goti au kwenye kigimbi, huenda una damu iliyoganda katika mshipa ulio ndani kabisa, katikati ya misuli. Bonge hilo la damu linaweza kumeguka, likapita kwenye moyo na kwenda kuziba mishipa ya mapafu, na mtu akafariki ghafla. Sasa fikiria jinsi mikupuo ya masaji ya Kiswidi inavyokwenda: kutoka kwenye kifundo kupanda juu, kuelekea moyoni, kwa nia njema kabisa ya kusukuma damu irudi. Njia hiyo hiyo ndiyo linayoifuata bonge linapomeguka.

Lakini nimeambiwa ni mshipa tu umejikunja.

Kila wiki nasikia maneno haya, na mengine ya namna yake: mshipa umepanda, ni gesi, ni baridi imeingia mguuni. Mtu huyo huchuliwa siku ya kwanza, hukandwa maji ya moto siku ya pili, hupakwa dawa ya kuchua siku ya tatu, na siku ya tano huletwa akihema. Aliyekuambia mshipa umejikunja hakuona ndani ya mguu wako. Mimi pia sioni, pamoja na mafunzo yangu yote, na ndiyo maana sikugusi hadi upimwe.

Je, akichua taratibu tu, kwa mafuta?

Hapana.

Je, akiruka mguu huo na kuchua mgongo pekee?

Bado ninasema hapana, kwa sababu saa moja unayolala kitandani ni saa moja unayochelewa hospitali.

Nitatofautishaje na misuli iliyokaza?

Misuli iliyokaza kwa kawaida ina sababu unayoikumbuka, kama mbio au mzigo, na hulegea kadiri siku zinavyopita. Damu iliyoganda huleta uvimbe, joto na maumivu katika mguu mmoja, mara nyingi bila kuumia popote. Vitabu hutaja pia wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo usiungojee. Sisi hupima unene wa vigimbi vyote viwili kwa utepe, na tofauti inayozidi sentimita 3 huhesabiwa kuwa dalili ya kutiliwa maanani. Usiitumie kujiruhusu kubaki nyumbani, kwa kuwa mguu unaweza kuwa na damu iliyoganda bila kufikia tofauti hiyo.

Ni nani hasa anapaswa kuwa mwangalifu?

Yeyote ambaye miguu yake ilikaa bila kutembea: aliyesafiri kwa zaidi ya saa nne kwenye basi au ndege, aliyelazwa, aliyefanyiwa upasuaji, aliyefungwa hogo. Wageni wengi hushuka kwenye ndege Zanzibar baada ya kukaa usiku kucha kitini na kwenda moja kwa moja spa. Kwa mwenye miguu mizima hakuna ubaya, lakini kwa mwenye kigimbi kinachouma ni hatari. Wamo pia wenye saratani, wajawazito, na wanaotumia vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni.

Ninawaomba hasa akina mama waliojifungua na wale wanaowauguza wanisikilize. Hatari ya damu kuganda ni kubwa zaidi katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua, na huongezeka kwa aliyejifungua kwa upasuaji. Hizo ndizo wiki ambazo mzazi kwetu hutakiwa kulala tu, kukandwa maji ya moto na kuchuliwa miguu kila asubuhi. Ninawaheshimu mama na mabibi wanaofanya kazi hii kwa upendo. Hata hivyo, mzazi akisema mguu mmoja unamuuma na umevimba, asikandwe. Apelekwe hospitali siku hiyo, na asiambiwe kwamba uvimbe ni wa kawaida kwa kila mzazi.

Hospitali watanifanyia nini?

Daktari atakuuliza maswali, atapima mguu, na mara nyingi atakuandikia ultrasaundi ya mishipa ya damu, kipimo kisichouma wala kuchoma. Damu ikionekana imeganda, utapewa dawa za kuizuia isiendelee kuganda, za sindano au za vidonge, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi mitatu. Usiziache kwa kuwa uvimbe umepungua. Kama kituo cha karibu hakina kipimo, omba rufaa siku hiyo hiyo.

Nimeshachuliwa jana, na leo napumua kwa shida.

Acha kusoma uende kwenye idara ya dharura sasa hivi, na usiende peke yako. Kupumua kwa shida, kifua kinachochoma unapovuta pumzi, kukohoa damu au kuzirai ni dalili kwamba bonge huenda limefika kwenye mapafu. Waambie wahudumu kwamba mguu ulivimba na kwamba ulichuliwa. Watu huficha habari hii kwa aibu, na wahudumu hupoteza muda wakitafuta sababu nyingine.

Nikipona, nitaweza kwenda spa tena?

Wengi huweza, daktari anayekutibu akikuruhusu. Kama bado unatumia dawa za kuzuia damu isigande, mwambie mchuaji kabla hujalala kitandani, kwa sababu mkandamizo mkali unaweza kukuletea michubuko na kuvuja damu chini ya ngozi.