Faida ya ubora ipo, ila inahesabiwa vibaya

Wenye mashine za kukamua alizeti Dodoma na Singida wanahimizwa kuboresha ubora: kaizen (mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogokidogo bila kukoma), mafunzo ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Naunga mkono yote. Kinachonisumbua ni kwamba fedha zikishatumika, swali la "zimerudi shilingi ngapi?" hujibiwa kwa kukisia, na mwenye kiwanda asiyeona jibu huacha hata maboresho yaliyokuwa yakimlipa.

Dhana: Mafuta yaliyookolewa yote ni faida.

Tuseme mwenye mashine amebadilisha skrubu inayokandamiza mbegu, iliyokuwa imelika, na kuanza kupepeta mbegu vizuri, akapata lita 20 zaidi kwa siku kutoka magunia yaleyale. Lita ikiwa Sh 5,000, anaandika faida ya Sh 100,000. Sivyo. Mafuta yale hayakuwa yakimwagika; yalikuwa yakibaki kwenye mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, na mashudu anayauza. Lita 20 ni kilo 18 hivi. Kilo ya mashudu ikiwa Sh 700, tayari alikuwa akiingiza kama Sh 12,600 kutokana na mafuta hayohayo. Kilichoongezeka ni Sh 87,400, na hapo hajatoa bei ya skrubu, ujira wa wapepetaji wala siku ambazo mashine ilisimama kwa matengenezo.

Tena kuna mtego wa bei. Mafuta yakipanda sokoni katikati ya msimu, mapato yatapanda hata kwa aliyeendelea na skrubu mbovu. Kabla na baada vipigiwe hesabu kwa bei ileile, na kwa alizeti ya aina ileile.

Dhana: Muda uliookolewa ni fedha.

Inategemea mwezi. Julai, mavuno yakiwa yameingia na wakulima wamepanga foleni na magunia, saa mbili zilizookolewa ni magunia mengine yaliyokamuliwa. Januari, alizeti imeadimika na mashine nyingi zimelala; saa mbili hizo hazileti kitu, na kibarua analipwa siku yake nzima vilevile. Anayezidisha saa kwa ujira, kisha akaita jibu "akiba", anaandika fedha ambazo hazimo kwenye droo.

Dhana: Ukishatambuliwa kwa ubora, faida itajileta.

Kampuni ya Wallace ya Houston, Marekani, ilipata tuzo ya taifa ya ubora ya Malcolm Baldrige mwaka 1990. Mwaka 1992 ilifilisika na kuomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Dhana: Ubora ni gharama tu.

Hii ndiyo inayoumiza zaidi. Armand Feigenbaum, mhandisi Mmarekani, alizigawa gharama za ubora katika mafungu manne: kuzuia kasoro, kukagua, kasoro zinazogundulika kiwandani, na zile anazozigundua mteja. Mawili ya kwanza yana risiti, kwa hiyo yanaonekana na kulalamikiwa. Mawili ya mwisho yamejificha: mafuta yaliyochujwa mara ya pili, dumu lililorudishwa kwa sababu linavuja, mwenye duka aliyehamia kwa mkamuaji mwingine bila kuaga.

Daftari la safu nne linatosha, safu moja kwa kila fungu. Lianze kujazwa wiki kadhaa kabla ya kugusa mashine, wakati wa kukamua kwa wingi, kwa sababu takwimu za "kabla" haziwezi kutafutwa baadaye.