Rangi ya nyama haipimi moto: dhana potofu ninazozisikia katika jiko la hambaga

Nimekuwa nikipika hambaga hapa Lubumbashi kwa miaka kadhaa, na sahani inayorudishwa jikoni mara nyingi kuliko zote ni ile ambayo mteja ameipasua katikati, akaona wekundu kidogo, akasema: "Chefu, hii bado ina damu." Jumamosi iliyopita ilirudi nyingine. Nilichukua nyama ya fungu lile lile, nikaipika mbele ya mteja mwenyewe juu ya makaa yale yale, nikachomeka kipimajoto ubavuni: nyuzi 74, na wekundu ule ule. Alikitazama kipimajoto, akanitazama mimi, kisha akaomba nyama iongezwe moto.

Ile si damu. Damu ya ng'ombe hutoka karibu yote machinjioni, na majimaji mekundu yanayobaki ni maji ya misuli yenye mayoglobini, protini inayoipa nyama rangi yake. Kwa kawaida moto huigeuza kuwa ya kahawia, lakini rangi hiyo haitii joto peke yake: gesi za makaa zinaweza kuifanya nyama ibaki ya waridi hata ikiwa imeiva kabisa. Kinachonikera zaidi ni upande wa pili wa dhana hiyo hiyo, yaani kuamini kwamba nyama ikishakuwa ya kahawia imeiva. Nyama ya kusaga iliyokaa ikipigwa na hewa huweza kugeuka kahawia ndani kabla ya kufika hata nyuzi 60, mpishi akaiepua kwa moyo mweupe, huku bakteria wakiwa wangali hai. Ya kusaga inapaswa kufika nyuzi 71 katikati, na jicho halina namna ya kuziona nyuzi hizo. Kipimajoto kidogo cha kuchomeka kingemfaa mama anayepika nyumbani kuliko sufuria mpya, nami sitachoka kulisema hilo.

Hapo ndipo huletwa hoja ya steki, kwamba fulani aliila Brussels ikiwa nyekundu wala hakuumwa. Steki ni kipande kizima, bakteria hukaa juu yake, na moto wa nje huwamaliza. Mashine ya kusaga huchukua kilichokuwa juu ikakitia ndani, tena ikichanganya nyama za ng'ombe wengi. Wanaoamini kwamba mgahawa wenye matawi mengi hauwezi kukosea wakumbuke yaliyotokea Marekani mwaka 1993, ambapo hambaga zisizoiva vizuri za Jack in the Box, zenye bakteria aitwaye E. coli O157:H7, ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue, na watoto 4 wakafariki. Matawi mengi yanayopokea nyama kutoka chanzo kimoja huligawana pia kosa moja.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Hambaga si nyama ya nguruwe, ingawa jina lake huanza kwa "ham", ambayo kwa Kiingereza ni paja la nguruwe. Jina limetokana na Hamburg, mji wa bandari nchini Ujerumani, na nyama yake ya kawaida ni ya ng'ombe. Anayejali halali aulize nani aliyechinja, na kama nguruwe hupikwa kwenye bamba hilo hilo. Hayo ndiyo maswali yenye maana.

Barafu nayo haiui bakteria wa aina hii, huwalaza tu. Nyama iliyogandishwa ikaingia kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa si mbaya kwa sababu imegandishwa, wala si salama kwa sababu hiyo hiyo. Swali ni kama iliyeyuka umeme ulipokatika usiku kucha, ikagandishwa tena asubuhi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Chumvi isichanganywe ndani ya nyama saa nyingi kabla ya kupika, maana huifanya ishikane ikawa ngumu kama soseji. Inyunyizwe juu, dakika ileile nyama inapoingia motoni.

La mwisho ni la wapishi wenzangu, si la wateja: kuikandamiza nyama kwa mwiko hakuifanyi iive vizuri zaidi. Ile sauti ya kuchachatika, ambayo mteja aliyekaa karibu na jiko huifurahia sana, ni mafuta na maji ya hambaga yake mwenyewe yakidondokea makaa.