Je, wajua kwa nini mtihani wa Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa nukta na mistari, uliondolewa kwenye leseni za redio ya ridhaa, ile ya wapenzi wa redio wasiofanya biashara?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba Morse ni dhaifu kuliko sauti, kwa hiyo mwaka 2003 dunia nzima iliifuta. Yote mawili si kweli. Mtu wa Moshi au Arusha anayeliamini hilo la kwanza hupoteza zaidi, maana huiacha njia inayomfaa kuliko nyingi pale betri inapokuwa ndogo.

Kilichofanyika Geneva mwaka 2003 ni kubadili kifungu cha 25 cha Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Awali, kila nchi mwanachama ilitakiwa kuhakikisha kwamba anayetaka kurusha mawimbi chini ya megahezi 30 anaweza kutuma Morse kwa mkono na kuipokea kwa sikio. Baada ya hapo kila nchi iliachiwa iamue yenyewe. Uingereza iliuondoa mtihani mwaka huohuo. Marekani ilingoja hadi Februari 23, 2007. Kwa Tanzania mamlaka ya leseni ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, na hapo ndipo pa kuuliza masharti kabla ya kurusha chochote. Morse yenyewe haikuguswa. Hadi leo, katika bendi ya mita 40, yaani masafa ya karibu megahezi (MHz) 7, mpango wa bendi unaotumika Afrika na Ulaya unaitengea 7.000 hadi 7.040 MHz.

Mtihani ulikuwepo kwa sababu masafa hayo yalitumiwa pia na meli. Kituo cha pwani kikimwamuru mwenye redio anyamaze, ilibidi aelewe. Mfumo mpya wa dharura za baharini usiotegemea Morse, GMDSS, ulipokamilika Februari 1, 1999, sababu hiyo ikaisha. Watetezi wakabaki na hoja kwamba Morse huchuja wasio na nia. Hoja hiyo haitoshi: fundi mzuri wa redio alikuwa akifungiwa nje kwa sababu ya sikio tu, wakati kinachowalinda wengine hewani ni kujua masafa, nguvu na usalama wa umeme.

Na alichofungiwa si kidogo. Redio ya mkononi ya VHF (megahezi 30 hadi 300) hutaka njia iliyo wazi, na Meru au Kilimanjaro ikikaa katikati, mawasiliano hufa. Mchana, mawimbi ya 7 MHz hupanda karibu wima, hugeuzwa na ionosfea, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, na kushuka upande wa pili wa mlima. Antena yake ni waya wa mita 20.3 hivi, uliokatwa katikati na kulishwa hapo, kila upande mita 10.15, ukafungwa kati ya migrevilea miwili. Kata ukiwa mrefu kidogo, kisha punguza sentimeta chache kila upande huku ukipima. Ukikata mfupi mno utaanza kuunga.

Sasa nguvu ya Morse inatoka wapi? Fikiria nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi. Dirisha likiwa wazi lote, vumbi linaingia kwa upana wote; ukiacha upenyo, linaingia kidogo. Mikwaruzo ya redio huingia vivyo hivyo, kulingana na upana unaoufungua. Sauti ya kawaida ya HF (megahezi 3 hadi 30) inahitaji hezi 2,500 hivi, lakini Morse inatosheka na kichujio cha hezi 250. Upana ukipungua mara kumi, mikwaruzo nayo hupungua mara kumi, yaani desibeli 10. Kwa hesabu hiyo, wati 10 za Morse zinasikika juu ya mikwaruzo sawa na wati 100 za sauti.

Hiyo ni hesabu ya mikwaruzo iliyoenea sawasawa. Sikio lililozoea huchuja lenyewe hata bila kichujio chembamba, kwa hiyo faida halisi hutofautiana. Kelele za taa za LED na vidhibiti vya sola nazo zina tabia yake. Zima kifaa kimoja kimoja ujue mkosaji. Tena Morse si bingwa: FT8, njia ya kidijitali iliyotoka 2017 na inayosomwa na kompyuta, hunasa ishara ambazo sikio haliwezi.

Mwendo nao una ajabu yake. Katika mtihani, Marekani ilipima maneno 5, 13 au 20 kwa dakika kulingana na daraja la leseni, hadi Aprili 2000 yote yakashushwa kuwa 5. Mstari ni sawa na nukta tatu, nafasi kati ya herufi pia tatu. "Arusha" hula vipimo 51 vya nukta: sekunde 12 kwa mwendo wa 5, sekunde 3 kwa mwendo wa 20. Alama fupi kuliko zote, nukta moja, walipewa E, inayotawala Kiingereza. A, iliyojaa kwenye Kiswahili, hula vipimo vitano.

Wanafunzi wengi hukwama karibu na maneno 10 kwa dakika kwa sababu walijifunza kwa macho, kwenye jedwali, na sasa wanahesabu nukta. Anza na K na M pekee, kila herufi ikipigwa kwa mwendo wa 20 tangu siku ya kwanza, nafasi kati ya herufi zikirefushwa. Ukipata tisini kwa mia, ongeza herufi moja. Ukishuka chini ya hapo, baki na ulizonazo hadi urudi tisini.